Usalama wa Kuvua Kofia Si Usalama

Vijana wenzangu wa Kitui na Makueni.

Shule zikifungwa, hasa Agosti na Disemba, safari ya Mombasa ndiyo gumzo kuanzia Mwingi mpaka Mtito Andei. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, kijana wa Makueni anapanda ile inayosimama vituo vya kati, pale Emali, Kibwezi au Mtito Andei, na siku hiyo hiyo yuko Pwani. Wa Kitui anateremka kwa gari kupitia Mutomo hadi Kibwezi, naye anaunganisha. Wanaenda kuona Fort Jesus, kuzunguka Mji wa Kale, kula viazi karai, na kuswali Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa karibu mwaka 1570. Hayo ni mambo mazuri. Kijana akijua nchi yake hapotezi kitu.

Lakini kabla ya kuondoka anaitwa pembeni na kupewa nasaha. Ya kwanza: chunga simu yako, wezi wamejaa. Ya pili: kofia na kanzu iache nyumbani, usije ukashukiwa na askari. Wanaosema hivi ni wazazi wetu, mashangazi na wajomba, na wanasema kwa mapenzi. Ya kwanza naikubali mia kwa mia. Ya pili naikataa, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Tuanze na wezi. Mombasa isionewe. Kila mji wa kale unaopendwa na wageni una wezi wake. Kule Paris, Aprili 2013, walinzi wa makumbusho ya Louvre waligoma kwa kuchoshwa na magenge ya wachomoaji, na jumba likafungwa siku nzima. Louvre hiyo yenye picha ya Mona Lisa! Sababu ni ile ile kila mahali. Vichochoro ni vyembamba, watu wanasongamana, na mgeni anatazama juu kwenye roshani na milango ya nakshi badala ya kutazama mfuko wake. Mwizi anamjua mgeni kwa macho yake kabla ya kumjua kwa nguo.

Kwa hivyo fanya haya. Ukishuka kituo cha Miritini, ujue bado hujafika mjini. Elewana bei na mwenye tuktuk au matatu kabla ya kukaa, si baada ya kufika. Usisimame kando ya barabara na simu mkononi ukitafuta njia, maana wa pikipiki anainyakua na kupotea kabla hujapiga kelele. Ingia dukani, uliza, kisha endelea. Pesa zigawe, usiweke zote mfuko mmoja wala zote kwa M-Pesa, na PIN asiijue mtu, hata huyo rafiki mpya aliyejitolea kukuonyesha mji bure. Mwongozaji wa kweli anakutajia bei yake mapema. Yule wa "twende tu, tutaelewana" ndiye wa kuogopa. Kabla ya kutoka nyumbani bonyeza *#06#, uandike zile namba za simu yako kwenye karatasi, kwa sababu ikiibwa ndizo polisi watakazokuuliza.

Na usitembee peke yako, hasa usiku. Hili wazee wetu walilijua zamani. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Kikamba, akiwemo Kivoi wa Kitui, walipeleka pembe za ndovu Pwani kwa misafara. Hakuna aliyefunga mzigo akaondoka pekee. Nyinyi pia nendeni kwa kundi, na dada zetu wasiachwe nyuma sokoni Marikiti ati kwa sababu wavulana wana haraka ya kufika baharini.

Bahari nayo tusiisahau. Kijana aliyekulia kando ya mto wa msimu, unaokauka mpaka watu wanachimba mchanga kutafuta maji, anafika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, anaona wenziwe wanaruka, naye anaruka. Maji ya bahari yanakupwa na kujaa. Pale uliposimama saa nne, saa nane pana kina cha kukumeza. Kama hujui kuogelea, maji yasipite kiuno, na uliza mwenyeji kabla ya kuingia. Hakuna aibu kuuliza.

Sasa ile nasaha ya pili.

Najua imetoka wapi. Wazazi wetu hawajasahau Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, watu walipokusanywa kwa maelfu na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Hawajasahau miaka ambayo kijana mwenye ndevu na kanzu ifupi alitazamwa Mombasa kama kesi inayotembea. Hofu yao ina msingi. Simcheki mzazi anayeogopa.

Lakini tuulizane: je, kuvua kofia kunafanya kazi? Askari akikusimamisha anaomba kitambulisho, na kitambulisho kina jina. Kama wewe ni Hassan Mutua, utabaki Hassan Mutua hata ukivaa fulana ya Arsenal. Isitoshe, jina la pili na lafudhi yako vitamwambia umetoka bara, na utaulizwa unatafuta nini huku. Umevua ulichokithamini na maswali hayakupungua hata moja.

Hasara kubwa zaidi hatuisemi. Kijana aliyefundishwa kumkwepa askari hatakwenda kituoni akiibiwa. Atarudi Wote bila simu, bila pesa, bila namba ya OB, amenyamaza kimya. Mwizi analijua hilo. Kati ya mgeni atakayepiga ripoti na mgeni anayeogopa kituo kuliko anavyomwogopa yeye mwizi, atamchagua nani? Ndiyo maana nasema nasaha ya pili inaivunja ya kwanza. Ukimfundisha mtoto kujificha kwa polisi, umemkabidhi kwa mwizi.

Badala ya kumvua kofia, mpe haki zake azibebe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na katika orodha yake zimo dini na mavazi. Ndiyo, mavazi yametajwa kwa jina. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Hakisemi "popote isipokuwa Mji wa Kale ukiwa umetoka Kitui." Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine wa kukusaidia, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata.

Najua kuna atakayesema, "Bana, haki za kwenye karatasi hazizuii kofi." Kweli. Haki si fimbo ya kumpigia askari barabarani. Kijana atakayeanza kupiga makelele ya katiba saa tano za usiku kichochoroni atajiumiza mwenyewe. Haki inatumiwa kwa utulivu. Askari akikusimamisha, simama, usikimbie. Mikono ionekane. Msalimie. Toa kitambulisho, na kama hujafika miaka kumi na nane beba cha shule na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Jibu jina lako, unakotoka na unapolala. Uliza kwa adabu: "Afande, nimekosa nini?" Soma jina lake kifuani. Akisema mwende, uliza kituo gani, na mwenzako atume ujumbe nyumbani papo hapo. Usitoe kitu kidogo ili uachiliwe, kwa kuwa leo umenunua njia yako na kesho umemuuza atakayekuja baada yako. Ukionewa, andika siku, saa na mahali, kisha peleka malalamiko kwa IPOA. Pale Mombasa wapo pia MUHURI na HAKI Africa, ambao kazi yao ni hiyo.

Upande wa pili nao una deni. Kenya ina kitengo cha polisi wa utalii. Je, wanapomwona kijana wa Kibwezi na tiketi ya Fort Jesus mkononi wanaona mtalii, au wanaona mtu wa kupekuliwa? Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake na kampuni za utalii zikawarudisha wageni kwao, hoteli za Pwani zilitaabika. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, hoteli hizo hizo zilishusha bei na kuwabembeleza Wakenya. Mgeni wa ndani hawezi kuwa mtalii wakati wa shida na mshukiwa wakati wa neema. Tunachodai kwa serikali ya kaunti, kwa polisi na kwa makumbusho ni kitu kimoja: mgeni wa Sh. mia chache alindwe sawa na mgeni wa dola. Fort Jesus yenyewe Waingereza waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo lilibadilika. Macho ya askari pia yanaweza kubadilika, lakini hayatabadilika tukikubali kupita tumejikunyata.

Na sisi tuna wajibu. Mji wa Kale ni nyumba za watu. Usimpige picha mama wa buibui aliyekaa barazani kwake bila idhini, usichungulie milango, usizuie njia ya msikiti wakati wa swala. Mgeni mwenye heshima wenyeji humlinda wenyewe. Muuza kahawa atakuita, "Kijana, funga begi lako," na hapo unalindwa na mtaa mzima bila kumlipa mtu.

Kwa hivyo wazazi, wapelekeni watoto wetu Mombasa. Waambieni juu ya simu, pesa, bahari na usiku. Mkifika kwenye kofia, simameni. Anayetaka kuvaa avae, asiyetaka asivae, lakini asiivue kwa woga. Na wewe kijana, leo jioni kabla ya kufunga begi, keti na wenzako msome kifungu cha 49 kwa sauti mpaka kila mmoja aweze kukisema bila kutazama.

Safari njema. Wabillahi tawfiq.