Bingwa wa Kibanda Moro Apigwa 4-0, Kisa Spidi ya Gemu

Kuna mwana mmoja wa Msamvu, jina lake libaki pembeni, ambaye kwenye kibanda cha gemu anachochezea hagusiki. Anachagua timu yenye watu wa mbio tu, anashikilia kitufe cha kukimbia mwanzo mwisho, na kabla hujakaa vizuri ushafungwa tatu. Juzi kati kaalikwa geto kwa mshkaji aliyekulia Mgeta, kule juu Uluguru. FIFA ileile, timu zilezile. Kapigwa 4-0. Neno lake la kwanza: "Pedi yako imechoka."

Pedi haikuwa na shida yoyote. Kibandani spidi iko Fast, geto iko Normal. Huyo wa Mgeta kajifunzia gemu kwao, hakuna foleni ya watu wamesimama nyuma ya kiti wanamhesabia dakika, kwa hiyo anacheza taratibu.

Wengi wanaichukulia spidi kama rangi ya jezi. Wapi! Ikiwa Fast, beki hana muda wa kugeuka, kwa hiyo mwenye mbio anashinda, akili baadaye. Ni kama kushuka Morningside na bodaboda isiyo na breki. Ikiwa Normal unakutana na gemu nyingine kabisa: unaangalia nani yuko wazi, unasubiri beki aache nafasi, ndipo unapenyeza. Wakongwe wa PES wanaelewa, kule spidi ilipangwa kuanzia -2 hadi +2 na hatua moja tu ilitosha kuanzisha ugomvi. Hata Space Invaders ya Japani, mwaka 1978, ilinogea hapohapo: kadiri unavyowamaliza maadui, waliobaki wanazidi kukimbia.

Sasa kwa nini vibandani wanakimbiza? Hela. Spidi yenyewe haifupishi mechi, saa inatembea vilevile. Kinachofupisha ni dakika, na FIFA inashuka hadi dakika 4 kila kipindi. Tuseme mechi ni 500: ukijumlisha na kupanga kikosi inakula kama dakika 10, saa moja kibanda kina 3,000. Weka dakika 6 kama mechi za mtandaoni, mechi inafika dakika 15, inabaki 2,000. Ila mechi fupi kwa spidi ya kawaida inaweza kuisha 0-0, mteja akanuna. Ndio maana spidi inapandishwa, magoli yaje, kelele ziwepo, anayepita njia atamani kuingia. Kodi na LUKU havimsubiri mtu, mwenye kibanda alaumiwe kwa kiasi.

Kinachokera ni ukimya. Dogo anatoa 500 yake kila siku akidhani anaiva, siku akiweka dau kwenye mashindano ya spidi ya kawaida anaaibika. Si waandike tu ukutani, pembeni ya bei: dakika ngapi, spidi gani? Na asubuhi kibanda kikiwa kitupu, waweke Normal, hasara iko wapi?

Bingwa wa Msamvu kaomba marudiano Jumapili. Sharti lake ni moja: iwekwe Fast.