ALIYEIGONGA NDEGE ASEME, WALA ASIFUKUZWE

Ndugu Wafanya Kazi,

Eropleni zatua Malindi na kuondoka, nasi tunaofanya kazi chini yake twaona mambo ambayo abiria hawayaoni. Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege yake kwa miguu. Hutazama mabawa, magurudumu, mapanga na bati la ubavuni. Ni desturi njema. Nahodha wa jahazi naye hutazama kalafati kabla ya kutweka tanga. Lakini rubani ana macho mawili tu na muda mchache, na pengine jua limekwisha kutua. Anayejua hasa ndege imegongwa wapi ni yule aliyeigonga.

Nasema kwa kuwa yamenipata. Katika kiwanja kimoja cha pwani hii, mkokoteni wangu uliigusa ndege ubavuni. Nilipomwambia msimamizi alinijibu, "Ukiyasema hayo, kesho usije." Nikamwendea rubani mwenyewe. Ndege ikakaguliwa, ikachelewa saa nzima, haikuonekana na dosari. Mwisho wa mwezi kibarua changu kikaota nyasi. Je, wenzangu walioona hayo watasema siku yao ikifika?

Matajiri husema ajali huletwa na uzembe wa mtu wa chini. Basi na watazame yaliyotokea Seattle, Marekani. Mwezi wa Mei 2005, kampuni ya Alaska Airlines iliwaondoa wapakiaji mizigo wake karibu 500, wenye chama, ikaitoa kazi yao kwa mkandarasi. Tarehe 26 Desemba mwaka ule ule, mpakiaji mmoja wa mkandarasi aliigonga ndege kwa chombo cha mizigo, akanyamaza. Marubani wakaruka bila kujua. Ndege ikipanda juu, hewa iliyojazwa ndani huisukuma bodi yake kama mpira uliotiwa upepo. Palipobonyea ndipo pasukumwapo mpaka papasuke. Walipofika kama futi 26,000 bati likapasuka, tundu la urefu wa futi moja. Watu zaidi ya 140 walikuwamo. Kwa bahati walirudi chini salama.

Sisemi mwanachama hagongi ndege. Nasema mwenye chama nyuma yake hupata moyo wa kusema.

Na hapa kwetu? Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa, Boeing 747, ilianguka Nairobi mara tu iliporuka. Watu 59 walikufa katika 157. Haikuwa imegongwa, vibawa vya mbele havikufunguka, na ukaguzi wa kabla ya safari haukuligundua jambo hilo. Kampuni iliwafukuza marubani, lakini mahakama ya kazi ya Ujerumani ikabatilisha, kwa kuwa ndege yenyewe haikuwa na chombo cha kuwaonya. Vyombo vya kuonya vilitiwa baadaye. Kumbe kumfukuza mtu hakuzibi tundu!

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Kila mwajiri kiwanjani atoe ahadi ya maandishi kwamba anayetoa habari ya kugonga ndege hatafukuzwa wala kukatwa mshahara kwa sababu ya kusema.
2. Ahadi hiyo iwafikie vibarua na watu wa mkandarasi pia, maana ndio wenye hofu kubwa.
3. Ukaguzi upewe taa na wakati wa kutosha, hata ndege ikichelewa.

Hatuombi zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari kazini. Sheria iko, kinachokosekana ni watu wa kuisimamia.

Nasi tusijifanye malaika. Baharia aliyepanda mwamba usiku akanyamaza, huzama pamoja na wenziwe. Mficha maradhi kilio humfichua. Ndani ya ile ndege yumo mama wa Kilifi aendaye hospitali Nairobi, yumo na mtoto wa jirani yako arudiye chuoni. Ukiigonga, sema papo hapo, kwa rubani na kwa mjumbe wa chama. Na mwenzako akisema, usimwache peke yake mbele ya tajiri. Mimi niliachwa.

Umoja ni nguvu.

Ndimi mwenzenu,
Mpakiaji Mizigo, Malindi