Mtoto akiuliza nyota zinaisha wapi

Mama mmoja wa watoto watatu, mkazi wa Kongo pale Kawangware na msomaji wa ukurasa huu, alinisimulia yaliyompata juma ambalo transfoma ya mtaa wao iliungua. Kwa siku nne hakukuwa na stima. Hata ile taa ndefu ya mulika mwizi ilikuwa imekufa. Usiku wa pili mwanawe wa Gredi ya Sita alitumwa nje kuanua nguo, akakawia huko, na aliporudi alikuwa na swali: "Mama, hizo nyota zinaisha wapi?" Mama alimjibu jinsi wengi wetu tunavyojibu. Alimwambia ale, alale.

Kijana hakukoma. Aliuliza tena asubuhi akivaa viatu, akauliza na jioni. "Nimemnyamazisha mara tatu," mama akaniambia, "na naogopa kwamba mara ya nne hatauliza."

Hofu hiyo ina msingi. Mtoto anayenyamazishwa kila mara hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Kwa hivyo leo tutamsaidia mama huyu, na wazazi wengine walio katika hali kama yake, kwani swali la kijana huyo liliwasumbua wataalamu wakubwa mpaka miaka 100 hivi iliyopita.

Jibu ni kwamba nyota tunazoziona kwa macho zina mwisho. Jua letu ni nyota moja tu katika jamii kubwa ya nyota iitwayo galaksi. Galaksi yetu ndiyo Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe kama moshi unaokata anga kukiwa na giza totoro. Ndani yake mna nyota zaidi ya bilioni 100. Ili kupima ukubwa wake, kilomita hazifai kitu. Wataalamu hutumia mwendo wa mwanga, ambao ni kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka "Kawangware," mwanga ungekuwa umeizunguka dunia mara saba. Masafa ambayo mwanga hukata kwa mwaka mzima ndiyo huitwa mwaka wa nuru. Kutoka ukingo mmoja wa Njia ya Maziwa hadi wa pili ni kama miaka 100,000 ya nuru.

Je, baada ya hapo? Hapo ndipo wakubwa walipogombana. Mwanachuoni wa Kiajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alikwisha kuandika mwaka wa 964 kuhusu kijiwingu hafifu kilichoonekana kati ya nyota, upande wa kaskazini. Siku hizi kijiwingu hicho huitwa Andromeda. Lakini kilikuwa nini? Vumbi lililo humu ndani ya jamii yetu, au jamii nyingine kabisa iliyo mbali? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kupima umbali wake.

Namna hiyo ilifunguliwa na mwanamke ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Henrietta Leavitt alifanya kazi Harvard, Marekani, kwa mshahara mdogo, akikagua picha za nyota. Masikio yake hayakusikia vizuri, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Aligundua kwamba ziko nyota fulani ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, na kwamba zile zinazochukua siku nyingi kumaliza zamu hiyo ndizo zenye nguvu zaidi. Alichapisha matokeo yake mwaka wa 1912.

Faida ya jambo hilo ni ipi? Fikiria umesimama usiku upande huu wa bonde, na ng'ambo kuna koroboi zinawaka. Ukijua kwamba koroboi zote ni za aina moja, ile inayoonekana hafifu bila shaka iko mbali zaidi. Tena waweza kupiga hesabu: taa ikipelekwa mbali maradufu, mwanga unaokufikia unabaki robo. Leavitt aliwapa wataalamu koroboi za angani ambazo nguvu zake zinajulikana. Alifariki mwaka wa 1921, kabla hajaona matunda yake.

Matunda hayo aliyachuma Edwin Hubble, katika mlima wa Wilson huko California. Mwaka wa 1923 alipata nyota kama hizo ndani ya Andromeda, akapiga hesabu, na umbali ukatoka mkubwa mno kwa kitu kilicho humu kwetu. Leo tunajua ni kama miaka milioni 2.5 ya nuru. Andromeda ni galaksi nyingine, na nyuma yake ziko nyingine zisizohesabika.

Hubble hakufanya kazi peke yake. Msaidizi wake, Milton Humason, aliacha shule akiwa kijana mdogo, akawa mwendesha nyumbu waliobeba mizigo kupanda mlima huo wakati kituo kilipokuwa kikijengwa. Baadaye aliajiriwa hapo kama mfagiaji, kisha akaruhusiwa kusaidia kazi za usiku, na mwishowe akawa mmoja wa wapimaji hodari wa kasi za galaksi. Wazazi wenye vijana wanaosukuma mikokoteni wasilipite jina hilo haraka.

Kasi hupimwaje? Simama kando ya barabara matatu ikija inapiga honi. Sauti ni nyembamba inapokukaribia, na ikishakupita inazama na kuwa nene. Mwanga nao una tabia ya namna hiyo: kitu kikikimbia, mwanga wake huelekea wekundu. Hubble na Humason walikuta kwamba mwanga wa karibu galaksi zote umeelekea wekundu, na kwamba iliyo mbali zaidi hukimbia zaidi. Hubble alitangaza hayo mwaka wa 1929. Miaka miwili kabla yake, padre wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa amekwisha kuandika kwamba ulimwengu unapanuka. (Nalitaja hili la padre kwa ajili ya wazazi wanaodhani maswali ya aina hii yatamharibia mtoto dini.)

Hapa watoto huuliza: kwani sisi tuna nini hata kila mtu atukimbie? Hatuna kitu. Mwonyeshe mtoto unga wa mahamri uliotiwa hamira na chembe za iliki. Unga ukiumuka maradufu, chembe zilizokuwa kidole kimoja kutoka kwa nyingine huwa vidole viwili. Zilizokuwa vidole vinne huwa vinane. Ya kwanza imesogea kidole kimoja, ya pili vinne, kwa muda ule ule. Iliki yoyote ungekaa juu yake, ungeona zile nyingine zote zinakukimbia. Tena iliki yenyewe haivimbi. Galaksi hazinenepi; ni nafasi iliyo kati yao inayoongezeka. Na zilizo jirani sana huvutana kiasi cha kuushinda upanuzi huo, ndiyo maana Andromeda yenyewe haitukimbii bali inatujia.

Ukirudisha mambo nyuma, unga unakuwa tonge. Wataalamu husema mambo yalianza miaka bilioni 13.8 iliyopita, vyote vikiwa vimesongamana na vyenye joto kali. Joto hilo halijaisha kabisa. Mwaka wa 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walinasa mvumo wake kwa chombo cha redio huko New Jersey, wakadhani kwanza ni uchafu wa njiwa. Wenye televisheni za zamani, kabla mitambo ya analogi kuzimwa Kenya mwaka wa 2015, walikuwa nao sebuleni: sehemu ndogo ya zile chembechembe nyeupe zilizorukaruka wakati hakuna stesheni ilitoka huko.

Kenya ina sehemu yake katika hadithi hii. Tarehe 12 Disemba 1970, siku taifa lilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waliirusha Waitaliano kwa ushirikiano na Wamarekani, ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani, ambazo haziwezi kufika ardhini kwa kuzuiwa na hewa. Uhuru ilionyesha kwamba kati ya galaksi zilizokaa kwa makundi kuna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Baadaye ilifahamika kwamba gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi zikijumlishwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Ni watoto wangapi wa shule zetu wanaolijua hilo?

Tangu mwaka wa 1998 imejulikana pia kwamba upanuzi unazidi kasi badala ya kupungua, na sababu yake haijapatikana. Basi mama wa Kongo asione haya kumwambia mwanawe kwamba mwisho wa ulimwengu wote haujaonwa na mtu. Hilo nalo ni jibu, na ni la kweli.

Wengine watauliza kama nataka mulika mwizi zizimwe ili watoto waone nyota. Hapana. Msichana anayetoka chooni saa nne usiku anaihitaji taa ile. Lakini Disemba familia nyingi huenda ushago, na huko giza lipo bure. Chagua usiku usio na mwezi, kama saa moja na nusu jioni, mtazame kaskazini, katikati ya upeo wa macho na utosi. Simu ziwekwe mfukoni dakika ishirini ili macho yazoee. Kile kijiwingu hafifu, ambacho huonekana vizuri zaidi ukikitazama kwa pembe ya jicho, ni Andromeda. Mwanga wake ulikuwa tayari njiani wakati watu wa kale wa Lokalalei, magharibi mwa Turkana, walipokuwa wakichonga mawe yao, miaka milioni 2.3 iliyopita.