Mtoto wa Mgeni si Mzito

Yako maneno matatu ambayo watu wazima huyasema mara nyingi, na kwa kuwa husemwa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kweli. Maneno hayo ni haya: "Mtoto huyu mzito." Husemwa kwa sauti ya chini katika chumba cha walimu, husemwa kwa sauti ya juu barazani, na mwisho huandikwa, kwa adabu kidogo zaidi, katika karatasi ya ripoti ambayo mtoto huichukua kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa mama yake. Msomaji, nataka kuyapinga maneno hayo mbele yako, pale yanaposemwa juu ya mtoto ambaye kosa lake ni moja tu, nalo ni kwamba wazazi wake walihama. Sisemi kuwa watoto wote wamepewa vipaji sawa. Nasema kuwa mizani inayotumiwa kumpima mtoto wa mgeni ina kasoro, na mizani mbovu haitoi hukumu ya haki hata ikishikwa na mtu mwema.

Twende Kabras, katika Kaunti ya Kakamega. Nchi hii iko kaskazini ya mji wa Kakamega, na barabara kuu iendayo Webuye huipasua na kupita katika mji mdogo wa Malava. Ni nchi ya miwa. Kiko kiwanda cha sukari cha West Kenya, na tangu mwaka 2011 kiko pia kiwanda cha Butali. Penye kiwanda pana kazi, na penye kazi watu hawaitwi mara mbili. Wenyeji ni Wakabrasi, mmoja wa jamaa za Waluhya, na majirani zao wa tangu zamani ni Watachoni, Wabukusu na Wanandi. Kazi ya mashamba, ya viwanda, ya maduka na ya serikali huleta wengine: Waluo, Wagusii, Wateso, na watu wa mbali kuliko hao. Hao wote wana watoto, na watoto hao huenda shule.

Hebu tumfikirie mmoja wao. Simpi jina, kwa sababu ni wengi. Baba yake hukata miwa, na nyumbani kwao husemwa Kijaluo. Anapoingia darasa la kwanza ana umri wa miaka sita, na katika miaka hiyo sita amekwisha kufanya kazi kubwa ambayo mtu mzima hutaabika kuifanya: amejifunza lugha nzima. Anajua kuomba, kukataa, kutania, kusimulia na kusingizia. Anajua kwamba maji ni "pi". Akienda kwa jirani Mgusii atasikia "amache", na kwa jirani Mteso atasikia "akipi", na baada ya miezi michache ya kucheza njiani atakuwa ameokota maneno hayo yote pamoja na ya Kikabrasi na ya Kiswahili. Mtoto huyu ni tajiri. Lakini siku anapoketi kwenye dawati, mwalimu huanza kufundisha kusoma kwa lugha ya wenyeji, ambayo mtoto anaijua ya kuchezea tu wala si ya kufikiria. Anapoanza kuizoea, hufika darasa la nne, na masomo huhamia Kiingereza, ambacho hajakisikia jikoni kwao hata siku moja. Utajiri wake wote haukuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni kile alichopungukiwa.

Usidhani kuwa jambo hili limetokea kwa bahati mbaya; lina historia. Mwaka 1957 palianzishwa mjini Nairobi jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jaribio hilo lilianza katika shule za watoto wenye asili ya Asia, yaani watoto wa wahamiaji, ambao nyumbani walisema Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine. Darasa lilikuwa na lugha nyingi, na Kiingereza kilionekana kuwa dawa. Likafuatwa haraka na shule nyingine nyingi, na mwaka 1964 Tume ya Ominde ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikageuza shauri: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, haukuiacha kanuni hiyo.

Kanuni hiyo ni njema, na mimi si adui yake. Shirika la UNESCO lilisema mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kuanzia masomo ni lugha ya mama. Lakini angalia, msomaji, jinsi neno moja linavyoweza kuvaa nguo ya neno jingine. "Lugha ya eneo" si sawasawa na "lugha ya mama". Kwa mtoto wa Kikabrasi ni kitu kimoja. Kwa mtoto wa mkata miwa ni vitu viwili. Sheria iliyotungwa ili mtoto asianze shule kwa lugha ngeni humfanya huyu aanze kwa lugha ngeni, kisha humhamisha kwenye lugha ngeni ya pili. Kanuni yenyewe ina mlango wa kutokea, kwa maana mahali penye mchanganyiko Kiswahili kinaweza kuwa ndicho lugha ya eneo. Lakini mlango usiofunguliwa na mtu hautofautiani na ukuta.

Tena angalia mtihani. Tangu mwaka 1985 hadi 2023 watoto wa Kenya walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, ambao karatasi zake zote, isipokuwa ya Kiswahili, ziliandikwa kwa Kiingereza. Swali la hesabu lilikuwa pia swali la Kiingereza. Mtoto aliyejua kugawanya kilo arobaini za sukari kwa watu wanane, lakini hakuelewa sentensi iliyomwuliza, alipata sifuri sawa na yule asiyejua kugawanya. Tume zimebadilika na mitihani imebadilika majina, lakini desturi ya kupima maarifa kwa lugha moja na kuita matokeo "akili" haijafa. Wala si watoto wa wageni peke yao waliozama. Watafiti wa Uwezo, katika ripoti zao za mwanzo wa miaka ya 2010, walikuta kwamba watoto watatu tu kwa kila kumi wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Ikiwa mtoto wa mwenyeji huhangaika hivyo, mwenye kubeba mzigo wa ziada atafika wapi?

Sasa na waje wapinzani wangu, niwajibu kwa zamu.

Wa kwanza husema: "Mgeni na ajifunze lugha ya wenyeji." Namjibu kuwa mgeni huyu hujifunza, tena kwa furaha; msikilize anapocheza mpira. Lakini lugha ya mchezo hupatikana kwa miezi, na lugha ya kusomea hupatikana kwa miaka. Kumdai mtoto ajifunze kusoma na kuandika katika lugha ambayo bado anajifunza kuisema ni kumdai mtu afue samaki na avue kwa mkono mmoja. Ampe nafasi, naye atafika.

Wa pili husema: "Basi tuanze na Kiingereza siku ya kwanza, ili wote wawe sawa." Usawa huu ni wa ajabu, kwa kuwa huwafanya wote kuwa sawa kwa kuwanyamazisha wote. Hata hivyo si sawa: mtoto wa mwalimu na wa karani wana kitabu cha Kiingereza nyumbani, na mtoto wa mkata miwa hana. Zaidi ya hayo, kuanza mapema si kufika mapema. Huko Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, watoto walifundishwa miaka sita yote ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakakisoma kama somo kwa mwalimu mzuri. Walipopimwa hawakuwa nyuma ya wenzao, hata katika hicho Kiingereza. Mwenye msingi hujenga ghorofa. Asiye na msingi hujenga kibanda juu ya mchanga, kisha hulaumu upepo.

Wa tatu ana hoja yenye uzito, nami namheshimu. Husema: "Mwalimu mmoja hawezi kujua lugha tano, na serikali haiwezi kuchapa vitabu kwa kila lugha ya kila mhamiaji." Ni kweli. Uswidi ni nchi tajiri, na ndiyo iliyoweza tangu mwaka 1977 kuwapa watoto wa wahamiaji masomo ya lugha za kwao. Sidai Malava ifanye ya Stockholm. Ninachodai hakihitaji fedha nyingi. Katika kijiji ambamo watoto wote husema Kikabrasi, wafundishwe kwa Kikabrasi, nami nitapiga makofi. Katika shule ya mji, ya kiwandani na ya njia panda, Kiswahili kifanywe lugha ya kufundishia kwa dhati, tena kifundishwe, kisidhaniwe kuwa kila mtoto amezaliwa nacho. Mtoto aruhusiwe kumweleza mwenzake wa lugha yake jambo asilolielewa, wala asichapwe wala kuvikwa kipande cha mbao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake, kama walivyofanyiwa wengi kabla yake. Na mwalimu, kabla ya kuandika neno "mzito", amwulize mtoto swali lile lile kwa lugha anayoielewa. Kuuliza huko kuna gharama gani?

Yuko na mpinzani wa nne, ambaye hasemi kwa kinywa bali kwa moyo: "Hawa si wetu." Huyu nitamkumbusha habari za nyumbani kwake. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, wakaandika kwa Kilogooli; wale wa CMS wa upande wa Butere wakaandika kwa Kihanga. Hakuna kati ya hizo iliyokuwa Kikabrasi. Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kutafuta Kiluhya kimoja cha maandishi, na ugomvi ukazuka, kwa sababu kila jamaa iliona uchungu kuwasomesha watoto wake kwa ulimi wa jirani. Uchungu huo ulikuwa wa haki. Basi ikiwa Mluhya alilalamika kusomeshwa kwa lahaja ya ndugu yake, ambayo nusu yake aliielewa, Mluo au Mteso anaposomeshwa kwa lugha isiyo hata ya ukoo mmoja na yake, alalamike kwa nani?

Tena, tangu miaka ya 1960 Waluhya wengi waliondoka kwao kutafuta ardhi na kazi, wakaenda Lugari, Trans Nzoia na Uasin Gishu, na wengine Nairobi na Mombasa. Watoto wao nao waliketi katika madarasa ya watu wengine. Yamkini hivi leo, msomaji, binamu yako yuko mahali fulani akiitwa mzito na mwalimu asiyejua kwamba kwao yeye ndiye bingwa wa vitendawili. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Wala jambo hili si la huruma peke yake. Ni la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na imeiagiza dola kulinda wingi wa lugha za wananchi. Ibara ya 27 imekataza ubaguzi, na katika orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo limo neno hili: lugha. Mtoto anayeachwa nyuma kwa sababu ya lugha ya kwao, kisha akaambiwa ameachwa nyuma kwa sababu ya akili yake, amedhulumiwa mara mbili. Kwanza amenyimwa elimu, na pili amenyimwa ukweli juu ya nafsi yake. Dhuluma ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu elimu huweza kutafutwa ukubwani, bali mtu aliyeamini tangu utotoni kuwa ni mjinga huacha kutafuta.

Nimesema na walimu na wakubwa. Sasa nasema nawe. Wewe umefika shule ya sekondari. Katika darasa lako la kwanza kabisa kulikuwa na mtoto ambaye kila alipofungua kinywa wengine walicheka, kwa kuwa alitamka neno la kwenu kwa ulimi wa kwao. Jaribu kukumbuka uso wake. Je, uliketi naye ukamsaidia, au ulikuwa miongoni mwa waliocheka? Naye leo yuko wapi? Ikiwa yuko nawe darasani, mwulize ilikuwaje akafika, utajifunza ushujaa. Ikiwa yuko shambani akikata miwa alikokatia baba yake, usiseme haraka kwamba hakuwa na kichwa. Jiulize kwanza kama katika miaka yake yote ya shule palikuwa na mtu hata mmoja aliyemwuliza jambo kwa lugha aliyoielewa, kisha akangoja jibu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Miwa ya Kabras imekatwa na mikono ya wageni pamoja na ya wenyeji, na sukari yake haikuulizwa kabila kabla ya kuingia katika chai. Basi na shule ya Kabras isimwulize mtoto kabila kabla ya kumpa herufi. Siku moja baadhi yenu mtakuwa walimu, nanyi mtashika kalamu nyekundu na karatasi ya ripoti. Mkifika kwenye jina la mtoto wa mgeni, na mkono ukataka kuandika yale maneno matatu, uzuieni, mwiteni mtoto, mkamwulize tena.