Kabla Hujanunua Trela, Lala Chini

Wasee, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Kila wiki hapa Nakuru naona tangazo lile lile: trela ya chipo na smokie inauzwa, iko poa, anza biashara kesho. Picha sita, zote za rangi. Taa za LED, mchoro wa baga ubavuni, dirisha la kuuzia limefunguliwa vizuri. Picha ya chini? Hakuna. Na sisi swali letu la kwanza ni bei.

Mimi siwacheki, nilifanya ujinga huo huo. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikachukua akiba yangu ya kununua kamera, mama akaniongezea pesa yake ya chama, binamu yangu akatoa iliyobaki. Tukanunua trela iliyotumika kwa 145,000. Nyekundu, inang'aa mpaka unajiona. Tukaivuta hadi Lanet na siku hiyo hiyo nikashuti video nikiwaambia hii kitu ni ngumu kama jiwe. Ngumu wapi! Sikuwa hata nimeinama.

Aprili mvua ikaanza. Wiki ya tatu sakafu ikazama pale chini ya jiko la chipo, mafuta moto yakamwagika, binamu yangu akaungua mguu. Tulipong'oa karpeti ya plastiki tukapata plywood imelowa kama mkate ndani ya chai. Aliyetuuzia hashiki simu mpaka leo. Rangi bado inang'aa, manze.

Sasa kuna wale watasema, "Hiyo ni jua kali, ulitarajia nini?" Hapo tunakosana kabisa. Fundi wa jua kali anayejua kazi atakujengea fremu ikae miaka. Lakini ukimwambia "punguza bei, bora ipendeze," atapunguza mahali huoni: ataweka chuma chembamba, aruke rangi ya kuzuia kutu, abandike tu plywood ya ndani. Wewe ndiye ulimwagiza hivyo. Na kiwanda pia si dawa. Elkhart, kule Indiana, Marekani, ni mji unaojulikana kwa kutengeneza trela za watu kulala wakisafiri. Hata hizo, mtu mjanja akinunua iliyotumika hupitisha mkono ukutani akitafuta mahali pamevimba, kwa sababu maji yakiingia, gundi huachia.

Kwa hivyo nenda mchana, vaa nguo ya kuchafuka, ulale chini na tochi ya simu. Angalia pale vyuma vinaungana. Welding nzuri imeshika pande zote mbili na inaenda mstari mmoja. Ile mbaya ni matone ya mshumaa, imewekwa hapa na pale. Ukiona rangi mpya nyeusi chini na kwingine ni ya zamani, uliza inaficha nini. Kwaruza kidogo. Mwenye trela akikasirika, umepata jibu.

Beba sumaku. Ukuta wa bati la chuma unaivuta, na ikiachia mahali pamoja tu, hapo kuna puti nene imeziba kutu au shimo. (Kama ukuta ni wa aluminiamu, sumaku haitashika popote, usianze kupigana na mtu bure.) Pima kwa kamba kutoka kona moja hadi ya mshazari wake, halafu zile nyingine mbili. Urefu ukitofautiana, fremu imepinda. Mwombe maji ndoo mbili, mwaga juu ya paa, ingia ndani ungoje. Ng'oa karpeti. Bonyeza plywood kwa kidole gumba, hasa kwenye kona na chini ya sinki. Akikwambia karpeti haitoki, pesa pia isitoke mfukoni.

Tairi nazo zina namba nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Inua kwa jeki, zungusha gurudumu, litikise. Likicheza au likinguruma, beringi zimeisha. Na uliza logbook. Trela ya kuvutwa barabarani husajiliwa yenyewe na namba yake huanza na Z. Bila hiyo unanunua kibanda ambacho kimewekwa magurudumu.

Wenye hatia wengine ni sisi wa kamera. Tunaitwa, tunapewa chipo na soda, tunazunguka trela dakika mbili tukisema "moto sana." Hakuna mtu hulala chini, nguo zitachafuka. Halafu kijana fulani pale Free Area anatoa akiba yake yote kwa sababu tulichangamka.

Ile video yangu ya trela nyekundu bado iko kwa ukurasa wangu. Sijaifuta. Nimeweka picha ya ile plywood iliyooza mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kuongea.