Jiji Halistawi kwa Kumfukuza Anayelilisha

Kabla jua halijachomoza, malori ya viazi, kabeji na nyanya huwa yamekwisha kufika katika soko la Wakulima jijini Nairobi, ambalo wengi wetu twaliita Marikiti. Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi, mama muuza mboga huwa amemlipa mwenye lori, amemlipa mvuta mkokoteni, amelipa nauli ya matatu, na sasa anayapanga mafungu yake kando ya barabara ya mtaani. Hajauza hata fungu moja, na tayari watu watatu au wanne wamepata riziki kutokana na shilingi zake. Kisha saa nne gari la askari wa jiji linatokea. Nyanya zinamwagwa, mizani inapandishwa garini, na mama anatimua mbio, mtoto mgongoni.

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: aliyepata hasara asubuhi hiyo ni nani? Ni mama yule peke yake? La hasha! Amepata hasara mkulima ambaye kesho hatanunuliwa mazao yake. Amepata hasara mvuta mkokoteni, na mwenye matatu, na mwenye nyumba anayengoja kodi mwisho wa mwezi. Na serikali ya kaunti yenyewe imejipunja, kwa maana mtu aliyenyang'anywa mtaji hawezi kulipa ada.

Tunaambiwa kila mara kwamba uchumi wa miji utainuliwa na majumba marefu, barabara za juu na wawekezaji kutoka ng'ambo. Hatuyapingi hayo. Lakini takwimu za serikali yenyewe zaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kati ya kila wafanyakazi kumi katika nchi hii, zaidi ya wanane wako katika sekta ya jua kali na biashara ndogo ndogo. Hao si ukingo wa uchumi wa jiji. Hao ndio jiji. Sera yoyote inayowaona kuwa ni uchafu wa kufagiwa ni sera ya kuukata mti kwa ajili ya kulifagia jani.

Wala jambo hili si geni masikioni mwa watawala. Mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja kuchunguza hali ya ajira nchini Kenya ulieleza waziwazi kwamba biashara hizi ni chemchemi ya kazi na ujuzi, ukashauri kwamba bomoabomoa ikomeshwe na masharti ya leseni yasiyo na maana yaondolewe. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1992, serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 2 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Maneno mazuri yamekwisha kuandikwa. Kilichokosekana ni uwezo wa mwananchi wa kumlazimisha mtawala ayatimize.

Hapo ndipo suala la uchumi wa miji linapogeuka kuwa suala la demokrasia. Tukumbuke historia yetu. Mwaka 1983, baraza la jiji la Nairobi lililochaguliwa na wananchi lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa tume iliyoteuliwa na serikali. Tume hiyo ilidumu hadi mwaka 1992. Kwa muda huo wote wakazi walilipa ushuru na ada, lakini hapakuwa na diwani hata mmoja wa kuulizwa kwa nini takataka hazizolewi. Mtu anayelipa bila kuchagua si mwananchi. Ni mpangaji katika nchi yake mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka 1990, wakazi wa kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, walivamiwa na askari waliokuja kubomoa vibanda vyao, na damu ikamwagika. Ni katika mwezi uo huo ambapo Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza kudai mfumo wa vyama vingi. Rubia alikuwa amewahi kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Alijua vyema maana ya jiji kuongozwa na watu waliopigiwa kura. Na tarehe 7 Julai mwaka huo, Saba Saba, umati ulipoelekea uwanja wa Kamukunji, ulikuwa ukielekea pahali palipopakana na mafundi wa jua kali wanaofua masufuria na masanduku ya bati kutwa kucha. Uwanja wa mageuzi na karakana ya mnyonge ni majirani.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Baraza lililochaguliwa likarejea baada ya uchaguzi wa 1992. Katiba ya 2010 ikatupa magavana na mabunge ya kaunti. Je, rungu limewekwa chini? Mwezi Februari 2020, majukumu makuu ya kaunti ya Nairobi yalihamishiwa serikali kuu, na hadi mwaka 2022 huduma za jiji zikasimamiwa na idara iliyoongozwa na afisa wa jeshi. Kuna barabara na visima vilivyotengenezwa, hatukatai. Lakini mwananchi hakumpigia kura afisa yule. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba za kando ya mito huko Mathare na Mukuru zilibomolewa, na familia ambazo zilikuwa zimenyang'anywa vyombo na maji zikanyang'anywa paa na matingatinga. Hakuna anayetaka watu wafe mafurikoni. Lakini kumwondoa mtu kwenye hatari bila kumwonyesha pa kulala ni kuihamisha hatari tu.

Wapo watakaosema: wachuuzi wakiachwa watakavyo, barabara zitazibwa na mwenye duka anayelipa kodi atafilisika. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mpita njia ana haki yake, na mwenye duka ana yake. Utaratibu lazima uwepo. Swali ni hili: utaratibu uliotungwa na nani? Soko la Muthurwa lilijengwa ili wachuuzi waondoke katikati ya jiji, likafunguliwa mwaka 2008. Wengi hawakukawia kurudi barabarani. Si kwa ukaidi. Ni kwa sababu mnunuzi hupatikana anapopita, si anapoelekezwa na waraka wa ofisini. Wangeulizwa mapema, wangesema.

Basi nini kifanyike? Twapendekeza mambo matatu, na hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, risiti iwe mkataba. Mtu aliyelipa ada ya siku au leseni ya mwaka awe na mahali pake panapojulikana, asiondolewe bila notisi, bila kusikizwa na bila kuonyeshwa pengine. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016 yataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumfurusha mtu kutoka kwenye ardhi. Mbona kibanda kilicholipiwa kibomolewe usiku? Asiye na uhakika wa kesho hujenga kwa mbao na mabati makuukuu, wala hapati mkopo. Kisha moto ukizuka twashangaa. Gikomba limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15.

Pili, ardhi ilipe kodi yake. Kwa miongo mitatu na zaidi, Nairobi iliendelea kutoza kodi ya viwanja kwa kutumia daftari la thamani za ardhi la mwaka 1982; daftari jipya lilitayarishwa mwaka 2019 tu. Katika muda huo bei za viwanja zilipaa hadi mawinguni, na jiji likabaki kumkimbiza mwenye fungu la nyanya ili lijaze hazina. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini si haki kibaba kijazwe na maskini hali pishi za matajiri zimefunikwa. Isitoshe, ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitueleza jinsi ardhi ya umma mijini ilivyogawiwa watu binafsi. Kila uwanja wa soko ulionyakuliwa ulizaa wachuuzi wa barabarani, na sasa wanaopigwa ni wao.

Tatu, hesabu zibandikwe ukutani. Kila soko liwe na kamati iliyochaguliwa na wafanyabiashara wenyewe, na kila mwezi pabandikwe langoni kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichorudi sokoni kwa maji, taa, vyoo na kuzoa taka. Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari, cha 184 chataka wakazi washiriki katika utawala wa miji yao, na cha 201 chadai uwazi katika fedha za umma. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Majiji hayo yana nafasi ya kuanza vyema, yasije yakairithi aibu ya Nairobi pamoja na cheo chake.

Wananchi wenzangu, wahenga walisema kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Mchuuzi wa jiji ameambiwa kwa rungu, kwa moto na kwa tingatinga, na bado amekataa kuondoka, kwa kuwa hana pengine na kwa kuwa jiji ni lake pia. Tusiishie kumhurumia. Atakapokuja mgombea mtaani mwako na fulana na pakiti ya unga, mwulize mbele ya watu: ada za soko letu zilienda wapi? Akishindwa kukujibu, kura yako ibaki na wewe hadi apatikane wa kujibu.