Maneno Yanayokera na Maneno Yanayoficha

Kila inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, makongamano huitishwa na hotuba za kuisifu lugha husomwa. Sambamba na sifa hizo hutolewa malalamiko. Wapo wasiotaka kulisikia tena neno "masaa". Wapo wanaokunja uso wakisikia "naendaga", "kiukweli", "mwisho wa siku" au "suala zima la". Wengine wamechoshwa na "changamoto", neno ambalo hotuba ya kiongozi haikamiliki bila kulitaja.

Malalamiko haya hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba yanahusu kosa la aina moja. Yakichambuliwa huonekana kuwa mbalimbali. Baadhi yanahusu neno lililotumiwa mahali pa jingine, baadhi maneno ya ziada yasiyobeba maana, na baadhi hayahusu lugha hata kidogo, bali asili ya msemaji. Yako pia yanayohusu maneno sahihi kabisa kisarufi ambayo hutumiwa kuwafichia wananchi jambo wanalostahili kulijua. Mwalimu, mtafsiri au mhariri asipotenganisha makundi haya, hujikuta akilipiga vita neno lisilo na hatia na kulipitisha lenye hatia.

Kosa lililo wazi: "suala" na "swala"

Kundi la kwanza halina ubishi mwingi. Katika magazeti na matangazo husomwa "swala la maji", "swala la ajira", na hata wingi wake "maswala". Swala ni mnyama wa mbugani, na katika matumizi ya Waislamu swala ni ibada, ambayo wengine huiita sala. Jambo linalojadiliwa ni "suala", wingi wake "masuala". Neno hili lina asili moja ya Kiarabu na "swali", lakini Kiswahili kimeyatenga: swali huulizwa likajibiwa, suala hujadiliwa likaamuliwa.

Anayekerwa na "swala la maji" ana hoja, kwa kuwa lugha imeweka maumbo matatu kwa maana tatu na mwandishi ameyachanganya. Marekebisho yake ni rahisi na hayamdhalilishi mtu.

Maneno yasiyobeba mzigo

Kundi la pili ni la maneno ya kujazia. "Katika suala zima la elimu, serikali imejipanga" haina tofauti na "katika elimu, serikali imejipanga". Neno "zima" halikuongeza ukubwa wa suala, wala "suala" halikuongeza uzito wa elimu. Hali ni hiyo hiyo kwa kitenzi "weza" kinavyotumiwa katika taarifa za habari: "Waziri ameweza kuwasili", "mkutano umeweza kufanyika". Kuweza ni kuwa na uwezo wa kutenda, mara nyingi mbele ya kizuizi. Kama waziri hakukuta daraja limevunjika njiani, basi amewasili, inatosha. Mazoea haya hufikia upeo wa ajabu pale inaposemwa kwamba abiria watatu "wameweza kupoteza maisha", kana kwamba walikuwa wakikijaribu kifo wakafaulu.

"Mwisho wa siku" hulaumiwa kwa sababu nyingine: ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, ilhali Kiswahili kina "hatimaye", "mwishowe" na "yote tisa, kumi". Lawama hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. "Vita baridi" na "mkutano wa kilele" pia ni tafsiri za namna hiyo, na hakuna anayezikataa, kwa kuwa zilikuja na maana iliyokuwa haina jina. Udhaifu wa "mwisho wa siku" ni kwamba mara nyingi haisemi kitu. "Mwisho wa siku, wananchi wanataka maji" ni "wananchi wanataka maji". Kipimo chake ni kufuta: ukiliondoa neno na sentensi isipungukiwe, neno halikuwa na kazi. "Kiukweli" na "kimsingi" zipimwe hivyo hivyo. Zikitumika kutofautisha ukweli na uvumi, au msingi na matawi, zibaki.

"Masaa": kosa lenye manufaa

"Saa" iko katika ngeli ya I-/ZI-, na katika ngeli hiyo umoja na wingi haviachani kwa umbo: saa hii, saa hizi. Ndiyo sababu walimu hukata kwa kalamu nyekundu "masaa mawili" na kuandika "saa mbili". Lakini msemaji anayesema "masaa" si mvivu wa sarufi. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, hivyo "saa nne" ni wakati katika mchana au usiku. Pia ni muda wa kupita. Maagizo ya dawa yakisema "unywe tena baada ya saa nne", mgonjwa anaweza kuelewa kwamba asubiri muda huo upite, au kwamba anywe wakati wowote baada ya saa nne asubuhi. "Masaa manne" yanaiondoa tatizo hiyo mara moja, na ndiyo maana watu wengi, bila kufundishwa na mtu, wameyatenga maumbo hayo mawili: "saa" kwa wakati, "masaa" kwa muda.

Mwanafunzi anayeandika mtihani atumie "saa", kwani ndivyo atakavyosahihishwa. Mtafsiri wa maagizo ya dawa aandike "baada ya muda wa saa nne" ili asikosee sarufi wala asimpoteze mgonjwa. Lakini anayewacheka wasemao "masaa" anapaswa kujua kwamba anaucheka ufumbuzi wa utata ambao sarufi sanifu imeuacha.

"Naendaga": kero inayomlenga mtu

Hakuna umbo linalochekwa darasani kama "-ga". Mtoto wa Mwanza au Tabora akisema "huwa naendaga sokoni", wenzake hucheka, na mwalimu humwambia kwamba anakiharibu Kiswahili kwa lugha ya kwao. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa kazi ya kukisimamia katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Uingereza, huonyesha mazoea kwa "hu-": mimi huenda sokoni.

Dai kwamba "-ga" ni uharibifu wa kisasa halisimami. Kiambishi hiki, katika sura ya "-ag-" au zinazofanana nayo, kimo katika lugha nyingi za Kibantu, zikiwamo Kisukuma na Kigikuyu, na wataalamu wa historia ya lugha hizo hukihesabu miongoni mwa viambishi vya kale vya Kibantu. Nchini Kenya husikika "-anga", kama katika "anasemanga". Katika Kiswahili cha Lubumbashi husikika "-aka". Umbo linaloonekana kuwa geni pwani ni la zamani sana bara.

Tena lina kazi. "Hu-" haipokei kiambishi cha nafsi, kwa hiyo "huenda" peke yake haisemi ni nani aendaye. Na neno hilo hilo lina maana ya "labda", kama katika "huenda akaja". "Naendaga" ina nafsi na mazoea katika neno moja. Haya hayalifanyi kuwa sanifu. Yanaonyesha tu kwamba kinachowakera wengi ni kule anakotoka msemaji, kwani uelewa haukupotea.

Kero ya namna hii huvuka pia mipaka ya nchi. Mteja kutoka Nairobi akisema "nataka chai" katika mgahawa wa Dar es Salaam, mhudumu anaweza kumwona hana adabu, kwa kuwa amezoea "naomba chai". Mteja wa Dar es Salaam akisema "naomba" Nairobi, huenda akasikika kama anayesihi apewe bure. Hakuna aliyekosea sarufi. Kila mmoja amebeba adabu za nyumbani kwao.

"Changamoto": neno sahihi, kazi yenye walakini

Lawama nzito zaidi ni juu ya neno ambalo mwanafunzi hufundishwa kulitumia kama dalili ya ufasaha. "Changamoto" lina mahali pake. Ni jambo linalomwamsha mtu, linalomtaka aonyeshe uwezo wake: hoja ngumu ni changamoto kwa msomi, mpinzani hodari ni changamoto kwa mwanariadha. Ndani yake mna wito, na anayeitwa anaweza kuupokea kwa furaha.

Katika taarifa za ofisi na za miradi, hata hivyo, limegeuzwa jina la kila kitu kibaya, kwa kufuata Kiingereza cha ofisini ambacho nacho kililifanyia hivyo neno lake. Hasara ya kwanza ni ya msamiati. Kiswahili kina "uhaba" kwa kitu kisichopatikana kwa wingi, na "upungufu" kwa kilichopo chini ya kiwango kinachohitajika. Kina "kasoro" kwa kilichotengenezwa vibaya, "kikwazo" kwa kinachozuia njia, "mgogoro" kwa pande mbili zinazovutana, "ukata" kwa kukosa fedha, "shida" kwa dhiki ya mtu, na "tatizo" kwa linalotaka ufumbuzi. Yote yamemezwa na neno moja. Mtafsiri anayeandika "changamoto" mara kumi katika ukurasa mmoja ametupa tofauti ambazo msomaji alizihitaji.

Hasara ya pili ni ya uwajibikaji. "Zahanati inakabiliwa na changamoto ya dawa" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Haisemi dawa ipi, imekosekana tangu lini, wala nani alipaswa kuileta. Ilinganishwe na hii: "Zahanati haina dawa ya malaria tangu mwezi uliopita, kwa sababu ofisi ya wilaya haikuagiza." Ya pili inaweza kukanushwa, kuthibitishwa au kujibiwa. Ya kwanza haijibiki. Tena kwa kuwa changamoto ni wito wa kujipima, msikilizaji anaombwa amwone mhusika kama shujaa aliye vitani, hata pale ambapo ni yeye aliyezembea.

Neno hili halitembei peke yake. Jambo ambalo halijaanza "liko kwenye mchakato". Ahadi isiyo na tarehe ni "tuko mbioni", ingawa hakuna anayekimbia. Mradi uliokwama "unafanyiwa upembuzi yakinifu", istilahi halali ya kupima kama jambo linawezekana, lakini ambayo wananchi wameisikia mwaka hadi mwaka mpaka imegeuka utani. Wenye mali, wafanyakazi na wanakijiji wanaogombania ardhi moja wote huitwa "wadau", na ugomvi wao hutoweka ndani ya jina la pamoja.

Neno "kero" lenyewe limeonja safari hiyo. Kwa miaka mingi mambo yenye ubishi katika uhusiano wa Zanzibar na Serikali ya Muungano wa Tanzania yaliitwa "kero za Muungano". Katika lugha ya viongozi ya miaka ya karibuni, "hoja" na "changamoto" zimekuwa zikilisukuma pembeni. Kero humhitaji anayekerwa, lakini changamoto haihitaji mtu. Anayeyatafsiri matamko ya vipindi hivyo viwili akitumia neno moja atakuwa amefuta badiliko lenyewe ambalo mwanahistoria angetaka kuliona.

Waswahili walishaonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Maji yakikosekana bombani hukosekana, liitwe jambo hilo tatizo au changamoto.

Kinachofaa kufanywa

Kwa mwanafunzi, mtafsiri na mwalimu, maswali matatu yatasaidia kabla ya kulikataa au kulikubali neno. Je, limechukua mahali pa jingine na kumpoteza msomaji, kama "swala" kwa "suala"? Likiwa hivyo, lirekebishwe. Je, likiondolewa sentensi inapungukiwa? Isipopungukiwa, lifutwe. Je, baada ya kulisoma, msomaji anajua nani alitenda, nini na lini, pale anapohitaji kujua? Asipojua, sentensi iandikwe upya, hata kama kila neno lake limo kamusini.

Mtafsiri ana mpaka wake. Waraka uliokusudia kuficha hawezi kuugeuza kuwa waraka ulio wazi bila kumsingizia mwandishi, hivyo "changamoto" ya asili yaweza kulazimika kubaki. Lakini asiwe yeye anayeuongezea ukungu, kwa kuandika "changamoto" pale asili iliposema wazi kwamba dawa zimekwisha.

Kwa mwalimu, jambo la kuangalia zaidi ni mizani. Mtoto aliyesema "naendaga" alieleweka na kila aliyemsikia, naye aliadhibiwa kwa kicheko. Mtoto aliyeandika "kijiji chetu kinakabiliwa na changamoto mbalimbali" alipewa alama za ufasaha, na hakuna aliyemuuliza ni zipi. Wa kwanza aonyeshwe umbo la mtihani bila kudharauliwa kwao. Wa pili arudishiwe daftari ataje kisima kilichokauka, na nani alipaswa kukichimba upya.